Vitanda 14 Mjini Kampala

Mtu wa Butembo akitamani kuuona mji mkubwa, Kinshasa kwake ni mbali mno. Mara nyingi haendi huko ila kwa ndege. Kampala yafikiwa kwa gari. Ndiyo sababu mwaka 2018 sisi marafiki 14 wa komini ya Mususa, wengi walimu, pamoja na wachuuzi watatu na mama mmoja mjane, fundi wa cherehani, tuliazimia kwenda kuutazama mji ule na kufika Namugongo, mahali Karoli Lwanga alipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Nauli tuliikusanya kwa likirimba. Jambo lililotutaabisha lilikuwa malazi.

Kwanza tulikosea majira. Tulitaka kufika kwa sikukuu yenyewe ya Mashahidi, tukapiga simu katika nyumba moja ya wageni. Walitujibu kwa adabu, lakini twadhani walicheka baadaye. Juma lile mahujaji huja kwa maelfu kutoka Uganda yote, Kenya, Tanzania, Rwanda na kwetu Kongo, wengine kwa miguu. Mwenye vyumba hana haja ya kupunguza hata shilingi moja. Chumba cha vitanda viwili kilikuwa dola 30 kila usiku. Kwa kulala mara tatu kila mtu angelipa dola 45. Mama fundi aliposikia hivyo alituambia kwa upole tumpelekee salamu tu huko Namugongo.

Ndipo mchuuzi mmoja katika sisi, aliyezoea safari za Kampala, akatufundisha jambo ambalo sisi wenye chaki hatukulijua. Msimwombe mwenye hoteli awahurumie, alisema. Mwulizeni ni siku zipi vyumba vyake hukaa vitupu. Chumba kisicholalwa usiku huu si kama gunia la maharagwe, hakiwekwi ghalani kiuzwe kesho. Basi tuliandika barua moja, tukaipeleka kwa nyumba tatu: watu 14, vyumba saba, kulala mara tatu, mwezi wa Julai shule zikiisha kufungwa, siku wachague wenyewe. Nyumba moja ikajibu: njoni Jumapili, mwondoke Jumatano, dola 22 kwa chumba. Tena katika watu 14 mmoja atalala bure.

Katika intaneti vyumba vile vile vilikuwa bado dola 30. Wauzao vyumba huko hujikatia fungu lao, mara nyingi karibu 15 kwa mia. Anayesema na mwenye nyumba moja kwa moja humwepusha na makato hayo, naye aweza kudai sehemu yake.

Sasa kile kitanda cha bure ndicho kilichotutia majaribuni. Kiongozi wa kundi aweza kukichukua yeye bila kusema neno, na mchuuzi wetu angeweza kunyamaza, maana simu alipokea yeye peke yake. Alikileta mkutanoni. Wengi tulitaka apewe mama fundi, lakini mama akakataa katakata. "Mimi siendi kuhiji nikalale juu ya mto wa sadaka," alisema. "Gaweni kwa wote." Tukapiga hesabu ubaoni: watu 13 kwa dola 33 ni dola 429, ukigawa kwa 14, kila mtu dola 30 na senti 64. Mama akafungua fundo la kitenge chake, akahesabu taratibu, akawa wa kwanza kulipa.

Arbuni ya usiku mmoja tuliipeleka kwa mkono wa msafiri mwaminifu, akaturudishia stakabadhi yenye muhuri. Hatukuandika habari ya ugonjwa wala vita. Bahati ilikuwa upande wetu tu, kwa kuwa tarehe 1 Agosti mwaka ule ule Ebola ilitangazwa nchini kwetu, huko Mangina, na safari nyingi zikavunjika.

Tuliondoka alfajiri. Njia ya Beni hadi Kasindi imeliza jamaa nyingi, nasi tulisali rozari hata mpakani. Ng'ambo, pale Mpondwe, Wakonzo wasema lugha iliyo karibu sawa na Kinande chetu, hata mzee mmoja wetu akauliza nchi ya kigeni inaanzia wapi hasa. Mlima Rwenzori, mkono wa kushoto, ulikuwa umejifunika mawingu. Kisha Kasese, kisha Fort Portal, na mvua.

Barua yetu ilisema vyumba vitashikwa hadi saa mbili usiku. Tulifika saa moja na nusu, tumetulia kabisa. Mlangoni tuliambiwa ni saa mbili na nusu. Saa za Uganda zatangulia za Butembo kwa saa moja, na simu zetu, zilizokosa mtandao tangu mpakani, hazikutuambia. Hakuna aliyekuwa amenunua laini ya Uganda pale Mpondwe ili apige kuwaarifu. Vyumba viwili vilikuwa vimekwisha kupewa wengine.

Hatukuwa na la kujibu, kwani barua haikusema saa ya nani. Akina mama walilala vitandani; wanaume wanne tulitandikiwa magodoro katika chumba cha chakula, tukaamshwa mapema wageni wapate chai. Tulidai dola 44 za vitanda vile vinne. Baada ya mazungumzo marefu tukapewa nusu, nazo tukazitumia kwa gari la Namugongo.

Hapo tulikaa mchana kutwa katika basilika yenye nguzo 22, moja kwa kila Shahidi aliyetangazwa Mtakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Jumatano, tulipovuka tena Kasindi, mama fundi alirudisha nyuma mishale ya saa yake. "Saa yetu wameturudishia," alisema. "Zimebaki dola 22."