Njia ya Ndovu na Njia ya Maji

Mwenye kusimama Chidya, baina ya Masasi na Newala, yu katika nchi ambayo maji yake hayakai. Mvua huanza Novemba au Desemba, ikafika Aprili. Mchanga wa uwanda wa juu wa Makonde huinywa upesi, nayo hutokea tena chini, katika chemchemi za miguuni pa magenge. Vizazi vingi vya wanawake vilishuka magenge hayo na mitungi mitupu, vikapanda na mitungi iliyojaa.

Mbona basi watu wakachagua kukaa mbali na maji? Mjerumani Karl Weule, aliyezuru nchi hiyo mwaka 1906, alisimuliwa kwamba watoto wawili wa kwanza wa mzee wa asili wa Wamakonde hawakuishi, hata wazazi walipohamia juu, Mahuta, ndipo wa tatu akaishi. Wajukuu wakausiwa waepuke mabonde na mito mikubwa, maana huko ndiko yaliko maradhi na mauti.

Ndovu hakupewa wosia huo. Yeye hunywa lita 100 na zaidi kwa siku, na kiangazi humfunga kandokando ya Ruvuma na vijito vyake, ambako miti ya kingoni haikauki. Mvua ikinyesha, madimbwi hujaa katika miombo, naye hutawanyika apendako. Nyati, mla nyasi, hathubutu kwenda mbali na maji. Pofu huvumilia zaidi. Palahala hufuata mbuga zilizoungua, kwa ajili ya chipukizi. Si msafara wa Serengeti huu, ambako nyumbu zaidi ya milioni moja huondoka na watazamaji wakasafiri kutoka ng'ambo kuwaona. Wa kusini huenda makundi madogo, aghalabu usiku, bila ya mtazamaji ila mwenye shamba.

Njia yao kuu huunganisha Selous, iliyotengwa na Wajerumani mwaka 1896 na ambayo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019, na hifadhi ya Niassa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule ni vituo vya upande wa Masasi na Nanyumbu. Mwanzoni mwa karne hii Donald Mpanduji wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake waliwavisha ndovu kola zenye kupeleka habari kwa setilaiti, wakazifuata nyendo zao katika ukanda huo. Wazee wa vijiji yamkini hawakushangaa.

Lakini chakula na maji si sababu zote. Katika miaka ya 1970 ndovu wa Selous walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2013 walibaki takriban 13,000, kwa kazi ya majangili. Mnyama aliyesakwa namna hiyo huchagua makao kwa hofu pia: mchana hujificha penye kichaka kinene, usiku huvuka penye watu.

Hapo ndipo taabu ilipo. Mahindi hukomaa ndovu wakiwa wametawanyika, na mashamba mapya yamefunguliwa mabondeni, palepale wosia ulipokataza, kwa kuwa ardhi ya bondeni hushika unyevu. Kumlaumu mkulima si haki, naye alifuata maji kama ndovu alivyoyafuata. Serikali ina malipo iitwayo kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa. Majina hayo yana unyofu wake: hayadai kuwa ni fidia. Jasho hufutwa, ghala haijazwi.

Kwa hiyo mwezi wa Machi mtu hulala shambani, juu ya dungu, na debe tupu ubavuni. Wengine hutundika mizinga ya nyuki mpakani, wengine hufukiza pilipili. Mvua ikikatika mapema, ndovu hurudi mtoni mapema, na mlinzi huyo hushuka kabla ya siku zake.