Imekatika au Imefunguka?

Mjukuu wangu alifika Ipinda likizo ya Juni akiwa na kifuko kidogo kisichozidi ngumi mbili. Ndani yake akatoa kitambaa chepesi kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, na kila upande wa kitambaa ukaning'iniza kamba nyembamba isiyofikia unene wa penseli. Akazifunga kamba zile baina ya mwembe na mchikichi ulio nyuma ya jiko, kisha akaniuliza, "Babu, kitu hiki kwa Kiswahili kinaitwaje?"

Mtu aliyefundisha Kiswahili sekondari miaka 34 haulizwi swali hilo akanyamaza. Nikamtajia machela. Halafu nikajisahihisha, kwa kuwa machela kwa watu wa umri wangu ni chombo cha kubebea mgonjwa, si cha kupumzikia. Bembea? Bembea ni ya watoto, na sharti lake ni kwenda na kurudi. Susu ni wavu wa kutundikia vyungu na vibuyu, panya wasivifikie. Mwishowe nikasema kitanda cha kamba, nikajua nimetoa jibu la mwalimu aliyebanwa. "Basi njoo ulale, Babu," akasema. Nikamwambia nina kazi shambani. Sikuwa na kazi yoyote.

Ndugu wasomaji, tumezoea hapa kujadili maneno, nami nataka kujadili maneno mawili. Lakini siwezi kuyafikia bila kusimulia habari ambayo sijawahi kuiandika.

Neno machela tulilipokea kwa Wareno, na wataalamu wengi hulifuata hadi pwani ya Malabar huko India. Katika nchi zinazozunguka ziwa letu, machela yalikuwa kitambaa kizito au wavu uliofungwa kwenye mti mrefu, watu wawili au wanne wakauweka mabegani. Zama za wakoloni Mzungu alilala humo, wachukuzi wakipokezana kwa zamu. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walipofika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, hapakuwa na barabara ya gurudumu kutoka ziwani kwenda milimani. Wazungu wakaondoka na machela yao, nasi tukabaki na yetu: blanketi, mwanzi na kamba, kwa ajili ya mgonjwa ambaye gari halimfikii.

Aprili ya 1986 nilikuwa mwalimu kijana, nimerudi nyumbani kwa siku chache. Mvua za Aprili katika Kyela wenyeji wanazijua. Kiwira, Mbaka na Lufirio hushuka kutoka milimani zikiwa na rangi ya udongo, na mashamba ya mpunga huwa ziwa la pili. Mama yangu aliteleza uani akavunjika nyonga. Barabara ilikuwa imekatwa na maji. Vijana wanne wakaitwa, mwanzi ukaletwa, na mjomba wangu akaanza kusokota maganda makavu ya mgomba kama walivyosokota wazee wake.

Nikamzuia. Nilikuwa nimetoka mjini na kamba mpya ya nailoni, ile ambayo wengi huiita manila, nyeupe, laini, nyembamba. (Manila ya kweli, niseme kwa kupita, ilitokana na mmea wa Ufilipino ulio ndugu wa mgomba. Mjomba alikuwa karibu na asili ya jina hilo kuliko mimi.) Mimi nilikuwa nimesoma Chuo cha Ualimu Korogwe, katikati ya mashamba ya mkonge. Niliweza kueleza jinsi Richard Hindorf alivyoleta mkonge mwaka 1893, ikapona miche 62 tu, na jinsi kamba za viwandani zilivyokuja baadaye kuiangusha bei ya katani yetu. Niliamini kwamba kilichoishinda katani sokoni kingeyashinda maganda ya mgomba kwa kila hali.

"Mpwa wangu," mjomba alisema, "hiyo inateleza. Na ifunge nyuma ya fundo la mwanzi." Nikaifunga nilipoona panafaa, kwa fundo lile lile nililozoea kulifunga kwenye katani. Kisha, kwa huruma, nikaivuta kwa nguvu pande zote mbili ili mama alale amenyooka, asijikunje. Mjomba alitaka blanketi lishuke kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Niliona ni ushamba.

Tulipokuwa tunavuka kijito, maji yakiwa magotini, kamba ya upande wa kichwa iliachia. Mama alianguka juu ya mawe.

Tulimfikisha. Waliompokea walifanya walichoweza, lakini nyonga ile haikuunga sawa, naye akatembea na mkongojo hadi alipofariki mwaka 2003. Jioni ile, alipofumbua macho, aliniuliza kilichotokea. Nikamjibu, "Mama, kamba imekatika."

Haikuwa imekatika. Niliiokota kijitoni, nzima, haina hata uzi mmoja uliochomoka. Ilikuwa imefunguka.

Mnaona ninakokwenda. Katika darasa nilifundisha kauli ya kutendeka kwa mifano ya vikombe: kikombe kimevunjika, mlango umefungika, uzi umekatika. Nikawaambia wanafunzi kuwa kauli hii hutaja hali bila kumtaja mtenda. Sikuwaambia kwamba ni maficho mazuri. Wahenga husema kamba hukatikia pabovu, na methali hiyo ikanipa kimbilio: ubovu ni wa kamba, aliyeifunga hayumo. Mtaani humu, kumfunga mtu kamba ni kumwongopea. Mimi nilimfunga mama yangu kamba mara mbili siku moja, na ya pili ilishika miaka 17.

Sasa nirudi kwenye mwembe. Siku ya tatu nilimwita mjukuu, anayesomea ufundi, nikamwambia anieleze kwa nini kamba nyembamba vile isimwangushe. Akachora mchangani. Uzito wa mtu, alisema, haugawanyiki tu nusu kwa nusu kati ya kamba mbili. Inategemea kamba zimelala au zimesimama kiasi gani. Mtu wa kilo 70 akilala katika kitanda ambacho kamba zake zinashuka kwa nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila kamba huvutwa kwa nguvu sawa na kilo 70. Ukizikaza hadi zishuke nyuzi 10 tu, kila kamba hubeba kama kilo 200. Ukizikaza zaidi, zikashuka nyuzi 5, ni kilo 400, na mtu ni yule yule. Nilimwomba arudie hesabu. Kisha nikaifanya mwenyewe usiku, kwa jedwali la kale la shule, nikapata yale yale.

Tumbo la ng'ombe mwenye mimba, basi, lilikuwa hesabu. Huruma yangu ndiyo iliyoongeza mzigo kwenye fundo.

Kamba za mjukuu ni za nyuzi ziitwazo Dyneema, jamii ya plastiki ya mifuko, ila nyuzi zake zimevutwa zikanyooka zote upande mmoja. Ni nyepesi kuliko maji, na kwa uzito ule ule zinaushinda uimara wa chuma. Iliyo nyembamba kama zake hustahimili zaidi ya kilo 600 kabla ya kukatika. Udhaifu wake uko kwingine. Haipendi moto wala kusuguana, kwa kuwa huyeyuka kwenye joto la nyuzi 150 hivi. Na huteleza mno, hata mafundo mengi ya kawaida hujifungua yenyewe inapovutwa. Hata fundo lisilofunguka huipunguzia kamba nguvu, pengine kwa nusu, kwa sababu pale inapopinda ghafla baadhi ya nyuzi hubeba mzigo wa wenzao. Hivyo ile methali inahitaji tanbihi: kamba nzima kabisa hukatikia fundoni, na pabovu tumepatengeneza kwa mikono yetu.

Ndiyo maana kamba zake hazina fundo. Ncha ya kamba imerudishwa na kuingizwa ndani ya mwili wa kamba yenyewe kwa urefu wa shubiri moja au zaidi. Kadiri unavyoivuta, ndivyo mwili unavyoibana ncha. Watunzi wa pindu watalielewa jambo hili haraka, wao ambao mwisho wa ubeti wao huingia katika mwanzo wa ule unaofuata. Mtini hazifungwi moja kwa moja. Kuna mikanda mipana inayouzunguka mti ili gamba lisichubuke. Mjukuu huipapasa kamba yote kwa vidole kabla ya kulala, akitafuta penye manyoya, kisha huketi polepole kwanza kwa uzito wake wote. Mjomba naye aliyapapasa maganda ya mgomba kwa namna hiyo hiyo. Nilidhani anapoteza muda.

Nilimsimulia mjukuu habari za kijito. Nilisema, "Niliifunga vibaya." Kitenzi kikiwa na nafsi yake mwanzoni, kama inavyostahili. Alinyamaza kitambo, akauliza iwapo bibi yake mkuu aliwahi kujua. Nikamwambia mama aliwahi kuiona kamba ile imetundikwa ghalani, nzima, akaigusa kwa mkongojo wake, akaniagiza nimletee maji ya kunywa.

Nikamwomba akishushe kitanda, kisipite kimo cha kiti. Akakishusha. Nikapima mteremko wa kamba kwa macho, nikazipapasa zote mbili kutoka mtini hadi kwenye kitambaa, nikaketi, nikalala. Salamu yetu Wanyakyusa, ugonile, asili yake ni kumuuliza mtu kama amelala. Mjukuu, aliyezaliwa Dar es Salaam na anayejua maneno matano tu ya lugha ya babu yake, alisimama karibu na mwembe akaniamkia hivyo.

Bado nalitafuta jina la ule ufundi wa kuingiza ncha ya kamba ndani ya kamba. Mabaharia wa majahazi bila shaka wanalo. Mwenye nalo kutoka Lamu, Pemba au Kilwa anisaidie.