Zama za Simu Zilizofunguka

Mwaka 2011 Huawei IDEOS iliuzwa Nairobi kwa takribani shilingi 8,000, na kwa vijana wengi wa rika langu ndiyo simu ya Android ya kwanza tuliyoimudu. Kioo cha inchi 2.8, prosesa ya megahezi 528. Leo hata saa ya mkononi inaizidi nguvu. Ila ilifunguka! Unabandua mfuniko wa nyuma kwa ukucha, unachomoa betri na kuirudisha, unabana vitufe kwa pamoja, na menyu ya maandishi matupu inajitokeza. Kwenye kadi ya kumbukumbu ulishaweka mfumo mwingine, kazi ya mikono ya mtu usiyemjua, wa nchi usiyowahi kuiona. Unauchagua, unangoja nembo iwake na kupita. Hapo ndipo simu inapokuwa yako.

Kuruti, yaani kujipa mamlaka yote juu ya simu, na kuflashi, yaani kuiwekea mfumo mwingine, vilikuwa vitenzi vya kila siku. Wenye bahati walishika Nokia N900 ya 2009, yenye kibodi ya kutelezesha na Linux ndani yake, ambayo dirisha la kuandikia amri lilikuja nayo tangu kiwandani. Betri yake, BL-5J, ilitumika pia kwenye simu nyingine za Nokia, kwa hiyo kuipata mpya hakukusumbua. Huko Marekani, kampuni ya Pwnie Express iliichukua N900 hiyohiyo ikaifanya chombo cha wapimaji wa usalama wa mitandao. Mwaka 2014 ikahamia kwenye Nexus 5, na mwaka huohuo ikatoka Kali NetHunter, mkusanyiko wa zana za upimaji uliotengenezwa kwa ajili ya simu za Nexus.

IDEOS yangu ilipochoka kupiga simu, niliipa kazi hiyo ya upimaji. Niliweka nmap, programu ya kukagua milango ya mtandao, nikaielekeza kwenye ruta ya nyumbani, ile tuliyofungiwa na kampuni ya intaneti. Majibu yalikuja mstari kwa mstari kwenye kioo kile kidogo: mlango 80, wazi, mlango 23, wazi. Huo wa 23 ni wa telnet, unaopitisha neno la siri likiwa uchi, na neno lenyewe lilikuwa lilelile la kiwandani. Nililibadilisha jioni hiyo, telnet nikaizima, kisha nikaenda kwa jirani na kumwomba ruhusa nimkague na yeye. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliingia kwa mlango huohuo na kwa maneno ya siri ya kiwandani vilevile, kikateka kamera na ruta kila pembe ya dunia. Vijana waliochezea simu kuukuu hawakuhitaji kuelezwa kilichotokea.

Sasa angalia droo za nyumba zetu. Zimejaa simu zenye prosesa za viini vinane na kumbukumbu ya gigabaiti 4, zimetupwa kwa sababu kioo kimepasuka au mtengenezaji ameacha kuzitumia masasisho. Betri imegandishwa kwa gundi. Mwaka 2018 Huawei, waliotuletea IDEOS, waliacha kutoa misimbo ya kufungulia kufuli la mfumo. Ukifanikiwa kuiruti simu, programu za benki nyingi zinakukataa.

Najua kufuli hilo lina sababu. Simu ya leo imebeba pesa za mtu, na mwizi akiiflashi kwa dakika kumi mwenye mali analia. Lakini simu iliyostaafu haibebi pesa za yeyote, na bado mwenye kuilipia hana ufunguo. Hilo linaniuma. Usalama wa mtandao haufundishiki kwa slaidi peke yake. Anayejifunza lazima aone mlango ukijibu, na aone kwenye kifaa chake mwenyewe, kwa kuwa sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu makosa ya mitandao inamhesabu anayeingia kwenye mfumo wa mwingine bila idhini kuwa mkosaji.

Vijana wanaponijia nawaambia waanze na Termux, programu ya kuandikia amri kwenye Android, isiyohitaji ruti. Inaleta nmap, inaleta Python, na kwa ruta ya nyumbani inatosha. Wakitaka kwenda mbali zaidi, mradi wa postmarketOS unawasha Linux kwenye simu za zamani, N900 ikiwamo. Wiki iliyopita mmoja alileta simu ya mamake, nzima kabisa, ila kufuli lake halifunguki kwa njia yoyote halali. Tuliweka Termux tukakagua ruta yao. Mlango 23 ulikuwa wazi.