Injini ya Tatu

Swali la fundi lilikuwa fupi. "Kijana, tunafufua hii ama tunaweka Toyota?" Nikamwambia anipe siku mbili. Nilichukua wiki tatu.

Gari ni Peugeot 504 ya mzee wangu, stesheni wagoni ya 1984, ile ya safu tatu za viti. Kama umezaliwa juzi kama mimi, uliza wazazi wako. Kabla Nissan hazijajaa barabarani, hizo Peugeot ndizo zilikuwa zinabeba watu Nakuru hadi Nairobi, na dereva wake alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Mzee alikuwa mmoja wao. Sasa macho yamedhoofika, na gari ilikuwa imekaa nyuma ya nyumba mpaka kuku wakaanza kutaga kwa kiti cha nyuma. Mwaka jana alinipa funguo. Hakutoa hotuba yoyote.

Injini ilikuwa imechoka. Moshi wa bluu, oili inaisha kama chai ya wageni, na mlima mdogo tu ni maombi. Kuifungua na kuifufua, fundi alisema elfu tisini na kitu. Chaguo la pili lilikuwa 1RZ, ile ya Hiace. Ukubwa karibu ni ule ule, cc 1998 kwa 1971 za Peugeot, na spea zake unapata kila kona. Nilikuwa na elfu mia moja na thelathini, pesa ya makala za mwaka mzima.

Moyoni nilikuwa nimeshaamua: Peugeot ibaki Peugeot. Nilimwambia fundi mambo mengi kuhusu uhalisi na heshima. Fundi alinisikiliza vile watu husikiliza mtoto wa mwenye nyumba.

Usiku nikawa nasoma kuhusu Wamarekani na hotrodi zao, yale magari ya zamani yaliyovuliwa madigadi na kupewa nguvu. Mwaka wa 1932 Ford walitoa V8 ya bei ya mtu wa kawaida, valvu zikiwa ndani ya bloku na hedi bapa juu, nguvu farasi 65. Vijana wa California wakaichukua, wakaichokonoa, wakashindana kwenye maziwa makavu kama Muroc. Ilikuwa na tabia ya kuchemka, kwa sababu moshi wa moto unapita ndani ya bloku kabla ya kutoka nje. Waliipenda hivyo hivyo. Halafu 1955 Chevrolet wakaleta V8 yao, nyepesi na yenye nguvu zaidi, na vijana wengi wakahama. Leo wapo wanaobishana ni ipi ya jadi kweli. Lakini wale wa kwanza hawakuchagua jadi. Walichagua kilichokuwa kwa bei rahisi kwenye uwanja wa magari mabovu.

Kitu kingine kilinigusa. Ford za wakati ule, propela ilikuwa imefungiwa ndani ya bomba la chuma kutoka giaboksi hadi difu. Aliyetaka Chevrolet alitafuta njia ya kuiunganisha na giaboksi ya Ford, ama abadilishe mpaka ekseli ya nyuma. 504 iko vivyo hivyo. Nilipomuuliza fundi kuhusu hilo bomba, akacheka. "Sasa umeanza kuelewa. Ukiweka Toyota, tunakata mpaka nyuma. Hapo andaa laki mbili." Kumbe huchagui injini peke yake. Unachagua kila kitu kinachoifuata.

Bado sikuwa nimeiacha Toyota kabisa. Mtu anaweza kukopa. Na kwa kuwa ukibadilisha injini lazima logibuku nayo ibadilishwe, nilienda kunakili namba ya injini. Nikasugua grisi na petroli mpaka tarakimu zikaonekana. Hazikufanana na za logibuku hata kidogo.

Mzee alikuwa ameketi juani, juu ya mtungi wa plastiki.

"Baba, hii namba si ya logibuku."

"Haiwezi kuwa. Hiyo ni ya tatu."

"Ya tatu?"

"Ya kwanza ilipasuka bloku pale Gilgil. Ya pili ilikuwa nzuri sana. Niliiuza, nikaweka hii ya skrapu."

"Uliuza lini?"

"Ulipoitwa chuo."

Akaendelea kukwangua matope kwenye kiatu chake.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilimwambia kwa meseji, kwa sababu sikuweza kupiga simu. Alijibu, "Sawa. Kuja nyumbani ule." Miaka yote hiyo nilidhani karo ya kwanza ilitoka kwa sako. Na hii injini ya moshi niliyokuwa naiita halisi, niliyokuwa nataka kuihifadhi kwa heshima yake, ndiyo risiti.

Nilisimama pale na kitambaa cha grisi mkononi. Nilitaka kuomba msamaha lakini sikujua nianzie wapi, kwa hivyo nikauliza swali ambalo kwa wiki tatu sikuwa nimemuuliza.

"Baba, wewe ungeweka gani?"

"Yenye itanifikisha Subukia na kunirudisha."

Siku iliyofuata tulifungua hedi. Fundi akanionyesha kitu sikuwa najua: slivu za hii injini zinakaa ndani ya maji na zinatoka zima zima. Huhitaji kuchonga bloku. Unang'oa za zamani, unaweka mpya na pistoni zake, na injini inaanza upya. Pesa yangu ingetosha, na ya rejeta ibaki. Nikasema tufufue. Haikuwa heshima, ilikuwa hesabu.

Mzee akaomba apelekwe karibu. Hakuweza kuona vizuri ndani, kwa hivyo akaingiza mkono kwenye silinda ya nne na kupitisha kidole polepole kutoka juu.

"Hapa," akasema. "Weka kucha."

Nikaweka kucha. Kulikuwa na ukingo, mahali pistoni ilikuwa imekula chuma miaka na miaka.

"Hiyo ndiyo inakunywa oili," akasema, kisha akamgeukia fundi. "Mwache huyu azing'oe yeye mwenyewe."