Tuba Lililobaki Nyuma ya Kabati

Siku ya mazishi wapiga matarumbeta walifika wote, isipokuwa mmoja. Walisimama kando ya kaburi, katikati ya migomba ya kihamba, wakapiga kama walivyowapigia wafu wengine wote wa mtaa ule wa Kilimanjaro. Nyimbo zilikuwa zile zile za kwenye Tumwabudu Mungu Wetu, na waombolezaji wakaimba. Lakini wimbo haukutulia. Ulipeperuka juu kama bati lisilopigiliwa misumari, na waimbaji, bila kujua wanakosa nini, wakaanza kuburuta maneno, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Baadaye wengine walilaumu baridi, wengine wakasema ni huzuni tu. Mjane alijua. Mtu wa sauti ya nne alikuwa ndani ya jeneza, na tuba lake lilikuwa chumbani, nyuma ya kabati, limefunikwa shuka kuukuu.

Hakuna aliyeliulizia siku ile, wala si ajabu. Katika kundi la matarumbeta la usharika, besi ndiyo chombo kinachokosa wagombea. Watoto wanaokuja kujifunza hukimbilia tarumbeta ndogo, maana ndiyo yenye wimbo wenyewe, ndiyo inayong'aa mbele kwenye picha za harusi. Mtu akitembea njiani akipiga mluzi, hupiga sauti ya kwanza. Nani amewahi kupiga mluzi sauti ya nne? Anayepiga besi husimama nyuma, amekumbatia shaba nzito kama anayembeba mtoto mkubwa asiyetaka kutembea, na kazi yake ni kutoa noti chache, nene, ambazo msikilizaji hazitambui mpaka siku zikikosekana.

Mume wake alisimama hapo nyuma kwa miaka zaidi ya 20. Na mkewe, kusema kweli, hakuwahi kulipenda tuba lile. Lilimla Jumamosi zake. Kule mlimani Jumamosi ni siku ya maziko na ya harusi, na matarumbeta huitwa kote kuwili. Asubuhi wanamzika mzee wa watu, alasiri wanamsindikiza bibi harusi, na nguo ni zile zile. Malipo yalikuwa sahani ya wali, soda, na wakati mwingine nauli. Kahawa ilichumwa na mama na watoto. Mbuzi walikatiwa majani na mama na watoto. Mimba ya mwisho ilipofika siku yake, ikawa Jumamosi, na yeye alikuwa kijiji cha pili anazikwa mtu ambaye mkewe hakumjua hata kwa sura. Alirudi jioni, tuba begani, udongo wa kaburi kwenye viatu, akakuta mtoto wa kike ana saa sita tangu azaliwe. Akanyoosha mikono ampokee. Mkewe akamwambia, "Nawa kwanza." Hakumwambia neno lingine kwa siku mbili.

Watoto waliliita tuba lile Ng'ombe. Jioni baba yao alikaa kwenye kigoda nje ya jiko akifanya mazoezi peke yake, na ng'ombe wa kweli wa jirani wakawa wanajibu. Vikombe vilitetemeka kabatini. Mtu asiyejua angedhani hakuna muziki pale, ni mlio tu: po, po, poo, kimya, po. Maana sauti ya nne ikipigwa peke yake haisemi ni wimbo gani.

Chombo chenyewe ni cha ajabu kidogo. Lile lake lilikuwa tuba kubwa, ambalo bomba lake likikunjuliwa na kunyooshwa lingezidi mita 5. Bomba la tromboni ya kawaida halifiki mita 3. Kadiri bomba linavyokuwa refu ndivyo sauti inavyoshuka. Vibonyezo vyake vilikuwa 3 tu, kila kimoja kikiufungulia upepo kipande cha bomba cha ziada, na noti nyingine zote hupatikana kwa midomo: ukiilegeza sauti inashuka, ukiikaza inapanda. Halafu kuna yale maji. Watu wakimwona mpigaji anafungua kitundu na kumwaga maji chini huguna, wakidhani ni mate. Mengi si mate. Ni mvuke wa pumzi uliokutana na chuma baridi ukageuka maji, na kule juu mlimani mwezi wa Julai, anayepiga nyimbo nne mfululizo humwaga ya kutosha kulowesha kiatu.

Desturi hii ilikuja na wamisionari wa Kijerumani. Wale wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Kwao Ujerumani, makundi ya kanisa ya vyombo vya shaba, yanayoitwa Posaunenchor, yalikuwa yameenea sana karne ile, hasa upande wa Westphalia, ambako mchungaji Eduard Kuhlo na mwanawe Johannes waliyalea. Akina Kuhlo walishikilia jambo moja ambalo hadi leo linawasaidia watu wa vijijini: mpigaji asome nota zile zile anazosoma mwimbaji na mpiga kinanda, kila noti kama inavyosikika, bila kugeuzageuza. Kwa hiyo mpiga besi hahitaji kitabu chake mwenyewe. Hufungua kitabu cha nyimbo chenye nota, akafuata mstari wa chini kabisa. (Pwani walikuwa na yao: ngoma ya beni, iliyoiga bendi za wanajeshi na kupita mitaani kwa mashindano na majigambo. Huko mlimani tarumbeta ziliingia kwa mlango wa kanisa, na bado zinanukia kanisa hata zikiwa harusini.)

Deni la hospitali ndilo lililomfanya mjane afikirie kuuza. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyelianzisha. "Shemeji," alisema, "lile dude ni la kaka. Nani kalitengeneza miaka yote hiyo? Kalichomelea kwa hela yake. Shaba ina bei siku hizi." Hakuwa anasema uongo kuhusu matengenezo. Marehemu alikuwa amelipeleka kwa fundi mara nyingi, na mara moja alilipa kwa mkungu wa ndizi.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na mizani ya ndoano. Akalitundika. Likaning'inia kichwa chini kama kuku wa sokoni, likasoma kilo tisa na ushei. Akataja bei, na haikuwa ya kudharau. Ingelipa sehemu nzuri ya deni. Mjane akamwambia arudi kesho asubuhi.

Usiku ule aliamua kulifuta. Aliona haya kumpa mtu kitu kichafu, hata kama kinakwenda kuyeyushwa. Akalipangusa kwa kitambaa na majivu laini, alivyomwona mumewe akifanya, na alipoligeuza ili afike upande wa chini, kidole chake kikabonyeza kile kitundu. Matone machache yakaanguka kwenye sakafu ya saruji. Miezi miwili na nusu ilikuwa imepita. Alikaa akayatazama mpaka yakakauka, na hakumwita mtu.

Asubuhi binti yake, yule aliyezaliwa Jumamosi, sasa yuko kidato cha pili, alimkuta ameliweka mezani.

"Mama, usiliuze. Mwalimu hana mtu wa besi."

"Umeyajuaje ya Mwalimu?"

"Nilimwuliza siku ya arobaini."

Mwalimu wa matarumbeta alikuja jioni ile ile. Mjane alimwamkia, naye akaitikia na kutoa pole upya, kama ilivyo ada. Alikuja na daftari kuukuu la kundi, lenye jalada lililoliwa na mende, akamwonyesha mstari mmoja: tuba moja, lililotumika, kutoka usharika rafiki Ujerumani. Lilikuwa la usharika tangu mwanzo. Hakulidai. "Mama, likikaa nyuma ya kabati hata mwaka, sitakuja kulichukua," alisema. "Lakini likienda kwenye mizani, mimi ndiye nitakayejibu mbele ya wazee wa kanisa." Mjane aliuza mbuzi wawili. Shemeji akanuna, akakaa miezi bila kukanyaga pale.

Kuhusu binti, Mwalimu alisita kidogo, na kusita kwake kunaeleweka ingawa hakukuwa na msingi. Wengi wanaamini besi ni ya mwanamume mwenye kifua. Kifua kikubwa hakidhuru, lakini kinachotakiwa ni hewa nyingi inayokwenda polepole, kama mtu anayepuliza mikono ipate joto, si kama anayezima mshumaa. Binti aliambiwa afumbe midomo kama anayesema "mm", kisha apulize mpaka itetemeke. Wiki za kwanza alijaza mashavu kama chura, akapata kizunguzungu, akakaa chini. Tuba likatoa milio ambayo haifai kuelezwa kwenye ukurasa wa familia. Jirani akauliza kama kuna ndama anaumwa.

Mama alivumilia kama alivyovumilia zamani, yaani kwa kugonga sufuria.

Kisha jioni moja, binti akiwa kwenye kigoda kile kile na kitabu cha nyimbo magotini, alirudia mstari mmoja mara tano, na mara zote tano akakwama mahali pamoja. Kutoka jikoni, alikokuwa akimenya ndizi, mama akapaza sauti: "Hapo hupandi. Hapo unashuka."

Kimya.

"Umejuaje, mama?"

Hakuwa na jibu. Aliweka kisu chini akajaribu kukumbuka alijifunza lini, na hakukuwa na siku. Kanisani alikuwa ameimba sauti ya kwanza maisha yake yote, kama wanawake wenzake. Lakini pale, karibu na moto, kwa miaka yote ile ya po, po, poo, alikuwa amesikia jambo moja tu, na lilikuwa limemwingia kama harufu ya moshi inavyoingia kwenye kanga. Akaimba mstari ule wa chini, mzima, bila maneno. Binti akaufuata kwa tuba. Ukakubali.

Tangu hapo ikawa ndiyo shule yao. Mwalimu alifundisha nota siku za Jumatano. Mama alifundisha yaliyobaki akiwa jikoni, na hata hakusogea kuja kukaa karibu, kana kwamba kukaa karibu kungekuwa kukubali jambo fulani. Alijua nyimbo ambazo marehemu alizipiga haraka na zile alizozivuta. Na alijua jambo ambalo halimo kitabuni. "Usipumue hapo," alimwambia binti. "Baba yako hapumui mwisho wa mstari. Mwisho wa mstari kila mtu anapumua." Noti za chini hula hewa kuliko za juu, kwa hiyo mpiga besi lazima apumue mara nyingi, na akiwa peke yake hana mwenzake wa kumshikia. Akipumua pamoja na waimbaji, wimbo wote unakatika kwa pamoja. Marehemu alikuwa akiiba pumzi katikati ya neno, mahali ambapo wengine wamejaa, ili wao wakifika mwisho na kuvuta hewa, wakute chini kuna kitu kimebaki kimesimama. Mjane alikuwa amelijua hilo bila kujua kwamba analijua. Alifikiri ni kasoro yake, kwamba mtu huyu hajui mahali pa kupumua.

Jirani mmoja akafariki mwezi wa Oktoba. Mazishi yakapangwa Jumamosi.

Ijumaa usiku binti alisema kesho hatakuwepo kuchuma kahawa. Mama hakujibu. Kahawa ilikuwa imeiva na haingoji, na mtoto mwingine aliyebaki nyumbani alikuwa na homa. Ilikuwa Jumamosi ile ile, imerudi na sketi ya shule. Alitaka kusema kwamba safari hii hakubali, kwamba amekwisha kulipa. Asubuhi akamfunga binti mgongo wa tuba kwa mkanda wa zamani, akautoboa tundu jipya kwa msumari maana ulikuwa umepimwa kwa mwili mwingine, akamwambia awahi kurudi.

Nyumba ya msiba ilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa kama nusu saa kwa njia ya mtoni. Mama hakwenda makaburini. Alipeleka rambirambi siku iliyotangulia, na sasa alikuwa na kahawa, na mgonjwa, na maharage motoni. Saa nane hivi upepo ukageuka. Sauti nene husafiri mbali kuliko nyembamba. Ndiyo maana muziki wa harusi ya mbali usiku husikika dundo tu. Tarumbeta hazikumfikia. Wala waimbaji. Kilichovuka bonde kikafika kwenye migomba yake kilikuwa mstari wa chini peke yake.

Mtu mwingine asingejua ni wimbo gani. Yeye aliujua kabla ya noti ya tatu. Akasimama na kikapu mkononi, akausindikiza kimoyomoyo kuelekea mwisho wa mstari wa kwanza, mahali pale ambapo mtoto alikuwa akikosea. Sauti haikukatika. Iliyumba kidogo, kama mtu aliyekanyaga jiwe legevu mtoni, ikapita, ikaingia mstari wa pili, na katikati ya mstari huo, mahali pasipo na nukta wala mkato, ikanyamaza kwa muda wa pumzi moja, ikaendelea.

Aliporudi jikoni maharage yalikuwa yameshika chini ya sufuria. Akayaongeza maji.