Kumeanza, Hakujaisha

Mama mdogo wangu anauza sambaza sokoni Kadutu. Mwaka jana nilikaa nyuma ya meza yake jioni nyingi, daftari mkononi, nikiandika anavyosema: batoto bengi, bengine banakuya. Miezi miwili baadaye nilikuwa nimepiga mstari juu ya maneno 31 kati ya yale aliyonipa, na pembeni nimeandika "shaka". Chanzo kilikuwa kitufe nilichokiunda mwenyewe.

Tasnifu yangu ni kichanganuzi cha maumbo ya maneno ya Kiswahili cha Bukavu. Huko Helsinki, Arvi Hurskainen alianza zamani, miaka ya 1980, kukichanganua Kiswahili kwa kompyuta, kwa njia iliyotokana na kazi ya Kimmo Koskenniemi ya mwaka 1983. Lakini Kiswahili chake ni cha vitabuni, si cha Kadutu. Mimi natumia foma, programu huria ya Mans Hulden. Unaandika kanuni, unazijenga ziwe faili moja, kisha programu ndogo ya Python inalisoma faili hilo na unaiendesha hatua kwa hatua uone neno limekwama wapi. Wenzangu wawili wanaoniingizia maneno hawapendi kuandika amri. Kwa ajili yao nikatunga kiendelezi cha Visual Studio Code: bonyeza mara moja, kijenge, kisha kianze kutafuta kosa.

Mwanzoni kilifanya kazi vizuri. Msamiati ulipoongezeka, mambo yakaharibika. Niliandika kanuni kwamba ba- ikikutana na -ingi, a na i zinakuwa e, sawa na wengi katika Kiswahili sanifu. Nikabonyeza. Bengi likakataliwa, baingi, ambalo sijamsikia mtu yeyote akilisema, likapita! Nikaliwekea bengi alama ya shaka, nikahamia neno lingine na kanuni yake. Nalo likakataliwa. Nikaanza kujiambia kwamba mama mdogo anachanganya lugha, kwamba nimechagua msemaji asiyefaa. Msimamizi wangu aliniuliza kama nimerudi kumuuliza. Sikuwa nimerudi. Niliona mashine imeshajibu.

Usiku mmoja nilibonyeza mara mbili kwa bahati mbaya, bila kugusa kanuni. Mara ya pili neno likapita.

Nilirudi kwenye msimbo wangu. Niliita executeTask, nikasubiri irudi, kisha nikaita startDebugging. Kumbe executeTask hurudi kazi ikishaanza, haisubiri iishe. Msamiati ulipokuwa mdogo, ujenzi uliisha kabla Python haijafungua faili. Ulipokua, Python ikawa inasoma faili la zamani, na kila jibu nililopata lilikuwa la kanuni za mbonyezo uliotangulia. Miaka mitatu nimesoma hali ya kitenzi, tofauti ya tendo lililoanza na lililokwisha, na hapo ndipo nilipoangukia. Mtu wa Bukavu akikuambia kwenye simu "niko nakuya", unajua huenda bado yuko kitandani. Kompyuta niliiamini.

Dawa yake ni mistari michache. Kabla ya kuanzisha ujenzi, kiendelezi kinatega sikio kwa onDidEndTaskProcess. Ukitega baadaye, ujenzi mfupi unaweza kuisha hujasikia. Taarifa ikija, kinahakikisha ni ya kazi ileile, maana nyingine zinaweza kuwa zinaendelea, na kwamba namba ya kumalizia ni 0. Namba ikiwa nyingine, ujenzi umeshindwa, na kutafuta kosa hakuanzi.

Nilipoyapitisha tena yale maneno 31, 27 yalikubaliwa. Nilimweleza mama mdogo, nikiona aibu, kwamba nilikuwa nimeyafuta maneno yake kwa sababu ya kompyuta. Aliendelea kupima samaki.

"Sasa wewe, mtoto wangu, hukuyasikia kwa masikio yako?"

Manne bado yanakataliwa. Jumamosi nitakwenda kumsikiliza tena, na kompyuta nitaiacha nyumbani.