Ukipiga Kufuli, Huyo Paka ni Wako

Usiku wa kwanza nilidhani ni paka wa mtaani. Ukiishi Pipeline unazoea kelele: mtoto wa jirani, redio ya juu, kesha ya kanisa la chini, paka wakipigana kwa mabati. Nikaongeza muziki, nikalala.

Usiku wa pili sauti ilikuwa palepale. Ilitoka mlango wa nne kutoka kwangu, ule wenye kufuli mbili. Kufuli ya chini ni ya mpangaji. Ya juu, kubwa na mpya, ni ya mwenye ploti. Na nyuma ya hizo kufuli kulikuwa na Chapo.

Chapo ni paka wa kijana mmoja wa Gredi 4. Ana rangi ya chapati iliyoungua kidogo, ndiyo maana ya hilo jina. Mama ya huyo kijana anauza nguo za mtumba. Biashara ikakwama, kodi ikalala miezi miwili. Siku moja mama akiwa soko na mtoto akiwa shule, keateka akapanda na kufuli. Hakubisha hodi, hakuchungulia. Alifunga, akashuka.

Jioni wakafika. Mtoto akalala tumbo kwa koridoo, anaongea na paka kupitia chini ya mlango. Mama akamwomba keateka: "Tafadhali baba, nifungulie tu nimtoe paka. Hivyo vitu vingine vikae."

Keateka akamjibu: "Mama, leta pesa kwanza. Huyo si atashika panya."

Wakaenda kulala kwa dada yake Kayole.

Najua haya yote kwa sababu mlango wangu ulikuwa wazi kidogo na nilikuwa nasikiliza. Kwa hivyo ile ya kusema nilidhani ni paka wa mtaani, nifute. Nilijua. Lakini na mimi nilikuwa nimesota, nina deni la mwezi mmoja, na kwa ploti yetu ukionekana una mdomo, kufuli inayofuata ni yako. Nikaongeza muziki.

Siku ya tatu sauti ikawa ndogo. Manze, hiyo ndiyo ilinimaliza. Kelele unaweza kuizoea. Kelele inayoisha mosmos, hapana.

Nikampigia mwenye ploti. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza. Akasema, "Kijana, mimi nadai elfu kumi na mbili. Mambo ya paka siyajui."

Nikamuuliza, "Sasa mzee, kama paka humdai, mbona umemfunga?"

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Mwambie keateka afungue dakika tano."

Tulimpata Chapo chini ya kitanda. Kibakuli cha maji kilikuwa kimekauka, na alikuwa ametafuna kona ya pakiti ya unga. Hakukimbia, hakulia. Nilimtia kwa katoni nikapanda naye matatu hadi Kayole. Yule kijana alipomwona hakusema kitu. Alichukua katoni, akaingia nayo ndani, akafunga mlango.

Sasa, kila nikisimulia hii stori, kuna msee ataniambia: "Lakini si mwenye paka ndiye alimwacha?"

Hapo ndipo tunakosana. Chapo hakuachwa. Chapo alifungiwa. Mwenyewe alisimama mlangoni akiomba kumchukua, akakatazwa. Siku ile kufuli ya pili ilipoingia, mama alipoteza uwezo wa kumpa paka wake hata maji. Nani alikuwa na huo uwezo? Mwenye ufunguo. Basi mzigo ulihamia kwake pamoja na ufunguo. Huwezi kushika mlango halafu useme kilicho nyuma yake hakikuhusu, na kinapumua.

Niliacha chuo mwaka wa pili na hata sikuwa nasomea sheria, lakini hii haihitaji digrii. Kenya tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kumnyima mnyama chakula na maji makusudi ni kosa. Kumtelekeza mahali atateseka pia ni kosa. Na hata hivyo vyombo vya mpangaji, sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi, Sura ya 293, inataka dalali mwenye leseni. Keateka na kufuli ya duka la vifaa si dalali. Kama kochi lina utaratibu wake, paka je?

Lakini tuwe wakweli, wapangaji pia tuna maneno. Kuna wale wanahepa na mkokoteni saa tisa usiku, wanabeba mpaka balbu, halafu mbwa anabaki amefungwa mnyororo kwa paa. Huyo amekosea, na mwenye ploti ana haki ya kukasirika. Hakuomba mbwa. Lakini asubuhi akimpata, kuna mtu mmoja tu aliye na funguo za ile paa. Hasira apeleke kwa mpangaji. Mbwa apewe maji.

Na simwambii landilodi afuge. Namwomba mambo ya mtu mzima. Kabla ya kufunga, bisha hodi, ingia, angalia chini ya kitanda. Mwenye mnyama akija, mpe mnyama wake siku hiyo hiyo. Deni litafuatwa kivyake. Paka si rehani, hata mnada hauwezi kumuuza akalipa kodi. Mwenyewe akipotea, mpigie simu, uliza majirani, na ukingoja weka maji na omena ya shilingi 50. Ukishindwa, tafuta afisa wa mifugo wa kaunti, au KSPCA pale Karen. Kazi yao ni wanyama. Usimtupe barabarani. Usimwekee sumu.

Na wewe mpangaji, mpe rafiki mmoja ufunguo wa ziada, na ukiona kodi inakwama, mtoe mnyama mapema. Mpeleke kwa dada, kwa shosho, popote. Kufuli haitumi ujumbe kabla ya kuja.

Yule mama bado anatafuta ile elfu kumi na mbili. Vitu vyake bado viko ndani, na kila nikipanda ngazi naiona ile kufuli kubwa. Deni langu nililipa wiki iliyofuata, na keateka bado hanisalimii. Sawa tu.

Ila jirani, ukisikia sauti nyuma ya mlango uliofungwa, usiongeze muziki. Mimi niliongeza, na kila usiku nilijua ni Chapo.